Teke la Bastola ya Lavonne

Jumamosi, 5 Machi

Leo nimefungua darasa la majira haya kwenye uwanja wa shabaha wa Dub Satterfield, nyuma ya duka lake. Wanafunzi saba, wote watu wazima, wote wanataka kubeba bastola chini ya nguo, na wote wanadhani kazi ngumu ni kuificha. Nimewaambia ninachowaambia kila mwaka: kuificha ni kazi ya mshonaji, kazi yako wewe ni teke. Risasi ikienda mbele, bastola hurudi nyuma, haina hiari. Chukua bastola ya kilo moja na nyingine ya theluthi ya kilo, uzipe risasi za aina moja: ile nyepesi itarudi kwa kasi mara tatu. Nilifundisha fizikia katika sekondari ya mji huu hadi nilipostaafu, na hakuna somo linalosahaulika upesi kama hilo. Mtu akiona kitu kidogo hudhani kina upole.

"Haya basi, Mwalimu," Dub akanikatiza kwa sauti yake ya dalali wa mnada, "bastola ya mtu mdogo ni ipi?"

"Ni ile kubwa kuliko zote anazoweza kuzibeba."

Wakacheka. Nami nikacheka nao, huku nikijua kwamba ndani ya gari langu, kwenye kisanduku chenye utepe, mlikuwa na bastola ndogo kuliko zote za dukani kwa Dub, yenye mpini wa rangi ya feruzi. Niliinunua jana kwa ajili ya mke wangu.

Niandike ukweli hapa, maana sijausema popote. Mwezi Februari daktari wa Tulsa alinionyesha picha ya mshipa mkuu wa damu tumboni mwangu. Umevimba kama mpira wa baiskeli unaochungulia kwenye tairi bovu. Akasema unahitaji upasuaji, na kwamba hadi hapo nisinyanyue kitu kizito, kwa sababu ukipasuka sitafika hospitali. Nikamjibu kwamba nitafikiri. Nikarudi nyumbani. Lavonne alikuwa kwenye piano akifanya mazoezi ya nyimbo za Pasaka, akaniuliza bila kuacha kupiga, "Wamesemaje?" Nikasema, "Presha. Nipunguze chumvi." Tangu siku hiyo ananipikia maharagwe yasiyo na ladha, nami nayala kama mfungwa.

Tunakaa mwisho wa barabara ya changarawe. Jirani yetu wa karibu, mjane Opal Wicker, alivunjiwa mlango mwezi Januari, mchana kweupe. Nilipotoka kwa daktari niliwaza jambo moja tu: Lavonne peke yake katika nyumba ile. Badala ya kumwambia, nikamnunulia bastola.

Jumapili, 6 Machi

Nimempa baada ya kanisa. Amefungua utepe, akaitazama, akanitazama.

"Harlan, miaka arobaini na sita ya ndoa, mwaka huu umeona unipe silaha. Nielewe nini?"

"Elewa kwamba nakupenda."

"Ungeleta maua, ningeelewa haraka zaidi."

Kisha akanibusu kwenye paji la uso, akaitia mkobani kati ya miwani na peremende, kupima kama inaenea. Ikaenea kabisa. Ndiyo maana niliichagua. Nilijua kwamba kubwa angeiacha kabatini.

Jumatano, 9 Machi

Upepo kutwa. Maharagwe.

Jumamosi, 12 Machi

Saa sita mchana king'ora cha mji, cha kuonya vimbunga, kimelia, kama kinavyolia kila Jumamosi kwa majaribio, na kama kawaida hakuna aliyeinua kichwa. Mgeni angekimbilia shimo la dhoruba. Sisi tunakitumia kurekebisha saa.

Lavonne amefyatua risasi zake za kwanza. Shabaha zetu kwa Dub ni sahani za karatasi, zilezile ambazo akina mama wa kanisa hununua kwa ajili ya keki. Mtu akiipiga sahani kwa umbali wa hatua saba, kwa kazi hii yatosha. Nilimsimamisha miguu ikiwa wazi kidogo, mwili umeinama mbele kama anayesukuma gari lililokwama. Nikamweka mkono juu kabisa kwenye mpini, kwa sababu mkono ukiwa chini bastola hupata nafasi ya kuinua pua. Kiganja cha kushoto kikajaza nafasi iliyobaki, kikibana kwa nguvu kuliko cha kulia. Vidole gumba vyote vikaelekea mbele, upande mmoja. Kifundo cha mkono kigumu, viwiko laini. Nikamwambia asipigane na teke, aliache lipite na kuirudisha bastola ilikotoka.

Tatizo likajitokeza lenyewe: mpini ni mfupi mno hata kidole chake cha mwisho hakina pa kushika. Kilining'inia hewani kama cha mtu anayekunywa chai kwa madaha.

Akafyatua. Vumbi likaruka mbele ya sahani, chini kabisa. Akageuka, macho yamejaa maji.

"Ni kama kupeana mkono na mtu aliyekukasirikia," akasema.

Dub akacheka hadi akashika nguzo. Nikasema, "Utazoea." Nimewaambia mamia ya watu neno hilo, na kwa wengi lilikuwa kweli. Lakini nilikuwa nikitazama mkono wake wa kulia, kidole gumba chenye baridi yabisi, kile anachokikanda kwa mafuta kabla ya kila ibada, na nilijua teke la bastola ile linakwenda moja kwa moja kwenye kiungo hicho. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya usingizini.

Jumanne, 15 Machi

Nimembadilishia risasi, hizi zina baruti kidogo. Nimeongeza kipande chini ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, ili kidole cha mwisho kipate kikao. Nimevisha mpini mpira. Kila nikiongeza kitu, bastola inazidi kufanana na ile ambayo nilipaswa kuinunua.

Jumamosi, 19 Machi

Leo nimefanya jambo la aibu.

Kuna zoezi moja. Unamjazia mwanafunzi magazini bila yeye kuona, na katikati ya risasi za kweli unachomeka moja ya bandia, isiyo na baruti. Anafyatua, anafyatua, halafu anaifikia ile ya bandia. Hakuna mlio, hakuna teke. Mkono uliotulia utabaki pale pale. Mkono wenye hofu utaizamisha pua ya bastola chini kabla ya kitu chochote kutokea, kwa sababu umejiandaa kwa pigo. Risasi za kweli huficha kosa hilo ndani ya kishindo. Ile ya bandia hulianika.

Nilimfanyia Lavonne mbele ya darasa. Ilipolia *tik*, pua ikazama kama jembe. Wanafunzi wakaguna. Nami, kwa kupenda kueleza, nikaeleza. Nikamgeuzia mgongo mke wangu na kuwaonyesha mkono wake kama kielelezo: "Mnaona? Teke haliwezi kuharibu shabaha, risasi imeshaondoka. Kinachoharibu ni kushtuka kabla. Anaogopa."

"Siogopi bastola," akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Naogopa unavyonitazama, kama mtihani ambao ni lazima nifaulu kesho."

Mtu mmoja akakohoa. Dub akasema ni wakati wa kahawa.

Njiani kurudi hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alizungumza habari za kwaya. Alisema kuna ukurasa mmoja wa Pasaka ambapo mkono wa kulia hunyooka kutoka noti moja hadi ya nane, na kwamba mwaka huu anauweza bado. "Mwaka ujao, sijui," akasema. "Lakini mwaka huu nauweza."

Jumatatu, 21 Machi

Miti imechanua yote, ile inayotoa maua ya rangi ya waridi kabla ya majani. Nilipaswa kumwambia leo. Tulikaa kibarazani saa nzima. Nikasema mfereji wa bati unavuja.

Ijumaa, 25 Machi

Nimerudi kutoka mjini nikamkuta jikoni, mkono wa kulia umefunikwa na mfuko wa njegere za barafu. Bastola ilikuwa mezani, tupu, imefunguliwa kama nilivyomfundisha. Kwenye ua, juu ya gunia la mchanga, sahani sita.

"Nilitaka kukushangaza Jumamosi," akasema.

Alikuwa akifanya mazoezi peke yake kila nilipoondoka. Leo mkono ulichoka, kidole gumba cha kushoto kikajisahau na kukaa nyuma ya kile chuma cha juu ambacho hurudi kwa kasi baada ya kila risasi. Kikamchana. Kwa maumivu akalegeza mkono huo, na risasi iliyofuata akaipiga kwa mkono wa kulia pekee. Bastola ikajipinda kiganjani na kukivuta kidole gumba cha kulia nyuma. Alisikia kitu kikikatika, "kama karoti," akasema.

Nikampeleka zahanati. Jeraha la kushoto ni plasta tu. La kulia ni kano iliyokatika kwenye shina la kidole gumba: bamba la plastiki kwa wiki sita, asipige piano, asifungue hata chupa. Pasaka ni wiki tatu kutoka leo.

Kwenye gari aliniwekea mkono wenye plasta gotini. "Usijilaumu, Harlan. Mimi ndiye niliyelegea."

Nikaendesha. Kama angenitukana, ningepata mahali pa kushika.

Jumamosi, 26 Machi

Dub amenipokea mlangoni, habari za mkono zimeshamfikia, hakuniruhusu kuingia.

"Nilidhani kale kadude ni kako, yeye umemwazima tu," akasema. "Ka kuendea kuvua samaki. Wewe ndiye uliyenikataza kuwauzia kina mama vile vidogo. Ulinisimamia hapo hapo kwenye kaunta ukanichorea mishale kwenye karatasi!"

"Najua."

"Unajua! Wewe kila kitu unajua, Mwalimu. Mimi ningefanya hivyo, ungesema Dub mjinga. Sasa niseme nini mimi?"

"Sema hivyo hivyo."

"Una nini wewe? Mwezi mzima huu una uso wa mtu anayesubiri kushtakiwa." Kisha akanisogezea kiti.

Jumapili, 3 Aprili

Glenda Purdom ameshika nafasi ya Lavonne kwenye piano. Glenda ana moyo mwema na mguu mzito. Akikanyaga kile kikanyagio cha chini, hakiachii hadi baraka za mwisho.

Jumatano, 6 Aprili

Ninamfungia vifungo vya nguo asubuhi. Ninamkatia nyama. Ananikejeli kwamba hatimaye nimepata mwanafunzi asiyeweza kutoroka. Ndoo ya chakula cha kuku, ambayo sipaswi kuinyanyua, huibeba kwa mkono wa kushoto kabla sijaamka. Anadhani ananidekeza kwa ajili ya presha.

Jumamosi, 9 Aprili

Jua kali. Lavonne amekuja darasani na bamba lake mkononi, amekaa kwenye benchi na thermosi, akitoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nilipofika kwenye zoezi la risasi ya bandia, akasimama. "Leo atahiniwe Mwalimu mwenyewe."

Darasa likashangilia. Dub akapiga meza. Lavonne akachukua magazini ya bastola yangu, akalipa darasa mgongo, akaijaza kwa mkono wa kushoto polepole huku Dub akimshikia. Nikasimama mstarini. Nimesimama mstari huo tangu Dub ana nywele. Risasi ya kwanza, katikati ya sahani. Ya pili karibu yake. Ya tatu: *tik*.

Pua ya bastola yangu ikazama.

Haikuzama kidogo. Ilizama kama ya mtu aliyeshika silaha kwa mara ya kwanza. Nilihisi tumbo langu lote limekaza, kama ninalibana lisipasuke. Na ndivyo ilivyo: tangu Februari kila mlio naupokea tumboni. Nilikuwa sijui kwamba mkono umeshajifunza.

Hakuna aliyecheka. "Baridi," nikasema, na jasho likinitoka.

Nikamgeukia Lavonne. Alikuwa ananitazama jinsi anavyomtazama mwanakwaya anayefungua kinywa bila kuimba.

Jumapili, 17 Aprili. Pasaka

Nilikaa safu ya tatu, naye kando yangu, mahali ambapo hajawahi kukaa siku ya Pasaka tangu tulipooana. Kwaya ilipofika kwenye ule ukurasa, nilijua kwa sababu vidole vyake vya kushoto vilianza kutembea juu ya goti. Glenda aliiruka ile noti ya nane. Aliimeza tu, akaendelea, na pengine hakuna aliyetambua isipokuwa watu wawili.

Nataka kueleza nilichokihisi, maana kueleza ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya vizuri. Wakati anapiga piano, Lavonne hupandisha bega la kulia kidogo kabla ya mruko mkubwa, kama mtu anayevuta pumzi kwa bega. Leo bega lilipanda. Mkono wenye bamba ukainuka kutoka pajani, ukabaki hewani, ukarudi. Akaona kwamba nimeona. Akanipigapiga goti, kunifariji mimi.

Nilikuwa nimejiambia: nitamwambia baada ya Pasaka, nisimharibie muziki. Muziki nimeuharibu, na Pasaka imekwisha.

Chakula cha mchana kwa Opal Wicker, nyama ya nguruwe iliyookwa, ya chumvi tele. Nilikula vipande viwili. Lavonne akauangalia uma wangu, akaniangalia mimi, hakunikataza.

Ijumaa, 22 Aprili

Mvua ya mawe upande wa Opal. Imevunja vioo vya banda lake la miche.

Alhamisi, 28 Aprili

King'ora mara mbili, mara zote bure. Mawingu ya kijani, kisha hakuna kitu. Mtu anachoka kuogopa kwa awamu.

Jumatatu, 2 Mei

Naandika kwa penseli, nimeketi kibarazani kwenye ngazi. Umeme umekatika. Sisi tuko hai. Paa la banda la Opal liko kwenye shamba letu.

Kulipambazuka joto lenye unyevu, la kunata. Kufikia saa kumi alasiri ndege walinyamaza. Redio ikataja barabara moja baada ya nyingine ikija upande wetu, na saa kumi na moja king'ora cha mji kikalia. Si Jumamosi. Lavonne akazima jiko, akachukua mkoba na tochi, nami nikachukua redio, tukatoka.

Shimo letu la dhoruba liko hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mlango wake ni bamba la chuma lililolala juu ya tuta la udongo. Baba yangu aliuchomelea mwenyewe na aliamini katika chuma. Siku zote ni mimi ninayeunyanyua. Ni kazi ya mgongo na tumbo.

Mawe ya barafu yakaanza, makubwa kama mayai ya kware. Kusini-magharibi wingu lilikuwa limeshusha mkonga wa kimbunga, mweusi chini, unatembea polepole kama mtu asiye na haraka na jambo lake. Nikainama, nikashika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Nikakaza tumbo.

Sikuvuta.

"Harlan!"

Nilibaki nimeinama, mikono kwenye chuma, mawe yakinipiga mgongoni. Niliwaza: nikivuta, labda utapasuka, ataingia shimoni na maiti yangu nje. Nisipovuta, atavuta yeye, kwa mkono ule nilioujeruhi mimi. Vyote viwili nilivitengeneza mwenyewe, na nilikuwa na wakati wa kuyaona hayo yote. Hofu humpa mtu wakati mwingi sana.

"Una nini? Vuta!"

"Siruhusiwi," nikasema.

"Nini?"

"Siruhusiwi kunyanyua!" nikapaza sauti juu ya mawe. "Mshipa wa tumboni umevimba. Unaweza kupasuka. Si presha. Haikuwa presha!"

Akanitazama. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni na jiwe moja lilikuwa limemchana nyusi. Kisha akanisukuma kando kwa nyonga, kama anavyonisukuma jikoni nikimzibia droo, akachutama, akaingiza mkono wa kushoto chini ya mpini na bega la kulia chini ya ukingo, akasimama. Akasimama tu, na mlango wa baba yangu ukainuka. Mkono wenye bamba alikuwa ameukunja kifuani kama mtoto mchanga.

"Ingia," akasema.

Shimoni tulikaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, magoti yakigusana. Juu yetu kulipita kelele ambayo sitaieleza. Masikio yaliziba, chuma kikatetema, kisha ikawa mvua ya kawaida. Tochi ilikuwa katikati yetu sakafuni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Februari."

"Februari lini?"

"Ile siku ya Tulsa."

Akahesabu kimya. Niliona anahesabu nini.

"Kwa hiyo ilikuwa kabla ya bastola."

"Kabla."

"Ulijua unaweza kufa, ukaenda kwa Dub, ukaninunulia kitu kinachokaa mkobani."

"Niliogopa utabaki peke yako."

"Nimekuwa peke yangu tangu Februari!" Sauti yake iligonga chuma ikarudi. "Maharagwe yale, Harlan! Nimekula maharagwe yale mimi pia!"

Nikaanza kucheka, nikaona yeye hacheki, nikaacha.

Kisha akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, "Wewe ndiye uliyetuambia. Teke haliharibu lolote, risasi imeshakwenda. Anayeharibu ni anayeshtuka kabla. Siku ile mtutu wako ulipozama nilijua kuna jambo. Nikasema, atanieleza, yeye anapenda kueleza."

Akaipindua tochi kwa mguu, ikamulika ukuta.

"Halafu nikuulize. Pampu ya kisima ikikataa, wewe haupo, niipige risasi?"

"Lavonne..."

"Najibiwa au sijibiwi? Sijui swichi yake iko wapi. Sijui nani huja kunyonya shimo la choo. Sijui ushuru wa ardhi hulipwa mwezi gani. Ulinifundisha kumpiga mtu ambaye hajaja. Pampu hukataa kila mwaka mnamo Agosti!"

Jumanne, 3 Mei

Hajazungumza nami. Amezungumza na kuku.

Jumatano, 4 Mei

Amepiga simu Tulsa mwenyewe, akiwa amesimama mbele yangu ili nisikie. Upasuaji ni Jumanne, tarehe kumi na saba. Walitaka mapema zaidi, akawaambia tunaye mtu wa kumtembelea makaburini kwanza, na kwamba hadi hapo mume wake hatanyanyua hata kijiko.

Jumamosi, 7 Mei

Nimemwonyesha swichi ya pampu, jinsi ya kusafisha miguso yake ya umeme sisimizi wakiingia, na bomba la kufungia maji. Anauliza maswali mazuri. Aliniuliza kwa nini sikuwahi kumwonyesha, nikasema hakuwahi kuuliza. Akasema hata bastola hakuuliza.

Bastola ya feruzi nimemrudishia Dub. Ameitia sandukuni chini ya kaunta bila utani wowote, na kwa Dub hiyo ndiyo hukumu.

Jumanne, 10 Mei

Bamba limetoka. Kidole gumba kinakunjwa nusu. Daktari anasema kitarudi "sehemu kubwa." Sikuuliza sehemu gani haitarudi. Nimeona akiupima mkono kwenye piano, bila kubonyeza, kutoka noti ya kwanza. Ulifika ya sita.

Jumatano, 11 Mei

Ametoka na gari saa nzima, hakusema anakwenda wapi. Wala sikuwa na uso wa kumuuliza mtu mahali alipokuwa.

Jumapili, 15 Mei. Siku ya Makaburi

Kama kila mwaka, koo zote zimekutana makaburini kufyeka, kupanda maua, kisha kula pamoja nyasini. Jiwe letu lipo tayari, safu ya pili, kando ya baba na mama. Tulilinunua wakati lilipokuwa rahisi: jina la ukoo, YOST, juu, jina langu kushoto, lake kulia, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na nafasi tupu. Miaka yote nimelipita nikitania. Leo nililing'olea magugu na kukaa kimya. Lavonne akapiga magoti upande wake, tukakutana katikati kwenye kistari.

"Usiharakishe," akasema, na hilo lilikuwa neno la kwanza laini tangu shimoni.

Kinanda cha umeme kilikuwa nyuma ya gari la mizigo la Dub. Lavonne na Glenda wamekaa benchi moja: Lavonne noti za chini kwa mkono wa kushoto, Glenda za juu, na mguu wa Lavonne ukiwa umekalia kikanyagio ili wa Glenda usikifikie. Walipofika kwenye mruko, bega lake la kulia lilipanda. Glenda akaruka noti ya nane na kuipata. Lavonne akasema, "Amina!" kwa sauti, katikati ya wimbo, na watu wakadhani ameguswa na Roho.

Mimi nililia. Nilisema ni chavua.

Wakati wa chakula akaniambia niketi chini ya mwerezi, nisibebe kitu. Akaniletea sahani ya karatasi mwenyewe: kuku wa kukaanga, viazi vya kuponda, maharagwe yenye nyama na chumvi yake yote, na rojo jeupe juu ya vyote. Nilipoipokea nikahisi joto likinichuruzikia gotini. Nikainua sahani. Rojo lilikuwa likipita katikati yake, kwenye matundu matano ya risasi, yaliyokaa karibu hata kikombe kingeyafunika yote.

Nyuma ya gari, Dub alikuwa anajifanya anafunga kamba.

"Bastola ya zamani ya baba yako, ile rivolva," akasema Lavonne. "Ile nzito kama nyundo. Nimeipiga kwa mkono wa kushoto, huu wa kulia ukiegemea tu. Dub alinipa risasi laini. Haipigi teke, Harlan. Inakohoa."

"Mkobani haiingii."

"Nani amesema naitaka mkobani? Itakaa juu ya kabati la jikoni, nami nitakaa chini yake, nikikusubiri utoke hospitali." Akanipa uma. "Kula haraka. Inavuja."

Jumatatu, 16 Mei

Kesho Tulsa, alfajiri. Mkoba wangu ameufunga yeye, ataubeba yeye. Leo asubuhi alizima pampu makusudi, akaiwasha tena peke yake, nikiwa nimesimama mlangoni na mikono mfukoni. Ilisita kidogo, ikashika. Suruali yenye doa la rojo amesema haifui hadi nirudi.